TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Subira ni ya nani?



Juzi baada ya tarawehe mzee mmoja aliniuliza: "Shehe, nina saratani ya uloto. Watoto wanataka kuuza kipande cha kibanja nikatibiwe Dar. Wengine wanasema huko ni kukosa subira. Nifanyeje?"

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Unaitwa mailoma. Unakaa kwenye uloto, ile nyama laini ndani ya mfupa. Hula mifupa, hupunguza damu, huweza kuharibu figo. Sisi mgongo ukiuma miezi tunasema ni jembe, ni uzee. Tukapime.

Tangu 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza uloto. Kwa mailoma, mara nyingi mgonjwa hujichangia mwenyewe: chembe changa zinazozaa damu huvunwa mwilini mwake, anapewa dawa kali ya kuua saratani, kisha anarudishiwa chembe zake. Wengi hupata nafuu ya miaka, ila ugonjwa kwa kawaida hurudi. Hapo ndipo swali linapouma: tuuze kibanja kwa ajili ya miaka tu?

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tutafute tiba. Na yule mwanamke mwenye kifafa alipomjia, alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Angalia vizuri ndugu yangu, aliyechagua ni mgonjwa mwenyewe. Hakuchaguliwa na shemeji wala jirani.

Kwa hiyo mzee wangu, ukienda hujakosa subira. Sindano na wiki za kulazwa nazo ni subira. Na ukikataa baada ya daktari kukueleza vizuri, wanavyuoni wengi hawakuifanya tiba isiyo na uhakika kuwa faradhi. Uamuzi ni wako.

Lakini sisi wazima tukimwambia "vumilia, ni kadari", huku moyoni tunahesabu migomba na mibuni, hiyo si dini. Ni kuuwahi urithi wa mtu aliye hai. Subira ni yake yeye. Kwetu sisi ni msaada.

Amali ya leo: mtembelee mgonjwa mmoja kabla ya futari. Usimhubirie. Muulize anataka nini, kisha toa ulichonacho, hata nauli ya kwenda kupima. Na kama ni fakiri, zaka yako inamfaa.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakase nia zetu. Amin.