Leseni ya Mwuguzi: Ni Riziki au ni Amana?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baad.

Huulizwa: je, ni haki mwuguzi kunyang'anywa leseni yake, naye ana watoto wamtegemeao? Si kumkatia riziki huko?

Suala hili ni zito khasa huko bara, Shinyanga na Geita, penye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji mdogo hushuka kwa kamba shimoni. Kifusi kimwangukiapo, hupelekwa zahanati ya kijiji, na pengine usiku ule hamna tabibu ila mwuguzi peke yake. Roho ya mtu i mkononi mwa mtu mmoja.

Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na chini yake liko Baraza liwaandikishalo wauguzi na kuwapa leseni. Baraza hilo laweza kumwonya mwuguzi, kumsimamisha, au kulifuta jina lake daftarini.

Lakini makosa si namna moja. Yuko aliyejitahidi na mgonjwa akafa. Huyo hana lawama, kwani ajali haina mganga. Yuko aliyefanya asilolijua, naye Mtume (S.A.W.) amekwisha bainisha ya kwamba ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo ni mdhamini wa madhara yake. Na yuko mwenye khiyana: adaiye rushwa mbele ya anayetoka damu, auzaye dawa za umma, aingiaye kazini amelewa, atangazaye siri ya mgonjwa, au aliyeipata kazi kwa cheti cha uwongo. Huyu hakukosa kwa mkono. Amekosa kwa nia.

Imepokewa katika tarikh ya kuwa mwaka 319 wa Hijra (931) mtu alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wakatahiniwa zaidi ya watu 800. Akaja mzee asiyejua kusoma wala kuandika, akaomba asikatiwe riziki yake. Sinan akamwacha, kwa sharti asimtibu mtu kwa asilolijua, wala asitoe damu, wala asinyweshe dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi.

Hapo pana jawabu. Mjinga aliyekiri ujinga wake alihurumiwa, na mkono wake ukawekewa mpaka. Ama mwenye khiyana hawekewi mpaka, kwa kuwa auvukao mpaka wa Mungu hatazuiwa na wa wanadamu. Wala haifai kusema, "Kijijini hapana mwuguzi mwingine." Kisima kikitiwa sumu hakiachwi wazi kwa kuwa ni kimoja, hufungwa, na wakubwa huwajibika kuchimba kingine upesi.

Na hakimu asihukumu mpaka asikie kauli za pande zote mbili, kwani mfiwa huweza kumsingizia mwuguzi kwa uchungu wake. Ikithubutu khiyana, avuliwe. Mlango wa toba haukufungwa, na riziki ina milango mingi. Lakini leseni ni amana ya wagonjwa, na amana hairudi mkononi mwa aliyeivunja kwa sababu tu ana njaa.

Wallahu aalam.