Chama cha Waliojua Kitu Kimoja

Kisa hiki ni cha kutungwa, lakini anayeijua Silanga, upande ule wa Kibera unaopakana na Bwawa la Nairobi, hatakosa kuwatambua wahusika wake.

Palikuwa na mama muuzaji wa unga wa uji: wimbi, mtama, soya na njugu, vyote vikichanganywa na kusagwa kwenye poshomili ya jirani. Alikuwa katika chama cha akina mama tisa, wote wa biashara hiyo hiyo. Chama kilimfaa. Alipofiwa walimchangia. Watoto walipofukuzwa kwa sababu ya karo, alikopa. Muuza njugu wa jumla naye aliwaletea mali kwa deni, kwa kuwa walidhaminiana.

Shida ni kwamba alichokijua mmoja, wote walikuwa wanakijua tayari. Siku aliyopendekeza wachambue njugu na kutupa zilizosinyaa na zenye ukungu, wenzake waligutuka. "Dada, usituharibie soko. Muuza njugu akisikia tunamkagulia mali, deni limekwisha." Akanyamaza. Kijana wa poshomili naye alimwambia, "Mama, hizi njugu zinanuka." Akampuuza. Msagaji atajua nini cha biashara?

Kumbe kijana alikuwa amegusa penyewe. Ukungu unaoota kwenye nafaka na njugu zisizokauka vizuri hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaangusha watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa. Novemba 2019, Shirika la Viwango, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Mapema mwaka huo lilikuwa limesimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu. Ikiwa kampuni zenye mashine kubwa zilinaswa, sembuse mfuko wa Silanga usio hata na tarehe?

Habari zilipoenea, shule iliyokuwa ikinunua unga wao ilidai alama ya ubora ya KEBS. Hakuna aliyekuwa nayo, wala aliyejua pa kuanzia. Wote tisa wakapoteza soko kwa mpigo. Walipokimbilia sanduku la chama, kila mmoja alikuja kukopa na hakuna aliyekuja kuweka.

Katika mtaa wa Kawangware alikuwepo mama mwingine wa biashara hiyo hiyo. Yeye pia alikuwa na chama, ila ndani yake mlikuwa na muuguzi, fundi cherehani na mke wa dereva wa matatu. Muuguzi ndiye aliyemtahadharisha kuhusu sumukuvu. Mfanyabiashara wa nafaka wa Nyamakima alimfundisha kukagua gunia hadi chini, si juu tu. Kwa maofisa wa KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, aliulizia ufungashaji na safari ya kupata alama ya ubora. Mwishowe aliacha njugu, akatia mbegu za mchicha. Unga mpya ulizaliwa kutoka kwa watu wasiojuana.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilieleza jambo hili mwaka 1973: habari mpya mara nyingi huletwa na tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa maana walio karibu nasi wanajua tunayoyajua sisi.

Funzo si kuvunja vyama. Mkono mmoja haulei mwana, na bila chama wengi Kibera wasingekuwa na mtaji hata wa kilo moja ya wimbi. Chama hukubeba siku ya shida iliyo yako peke yako. Shida ikiwa ya wote, hakina wa kumbeba mwenziwe. Na penye deni la pamoja, swali la mmoja huonekana usaliti, hata likiwa swali la kuokoa watoto.

Basi, ndugu mfanyabiashara, wahesabu watu watano unaozungumza nao biashara. Kama wote wanauza unachouza na wananunua unaponunua, mtafute wa sita leo.