Lau Ningalisema



Likizo iliyopita mjukuu wangu alinikalisha mbele ya televisheni nitazame naye mchezo wa zamani wa Kimarekani uitwao Star Trek. Mimi si mpenzi wa michezo ya angani. Zanzibar ilipopata televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi vijana tulikuwa tukijikusanya wengi mbele ya seti moja na kutazama chochote kilichokuja. Siku hizi nachagua. Lakini kijana akaniambia, "Babu, humu mna mtu mwenye jina la Kiswahili," nami nikakaa.

Alisema kweli. Katika merikebu ya angani iitwayo Enterprise yumo afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, jina lake Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Marehemu Nichelle Nichols, aliyecheza nafasi hiyo, alieleza kuwa siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua kitabu chenye jina la Uhuru, na huko ndiko jina lilikotoka. Tena katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, Uhura anasemeshwa Kiswahili. Basi nikatazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Sehemu aliyotaka nione inaitwa "Mirror, Mirror", na ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 1967. Kisa chake ni hiki. Nahodha Kirk, daktari wake, fundi wake na Uhura wamekwenda katika nchi ya watu wapole kuomba ruhusa ya kuchimba madini. Watu wale wamekataa, kwa kuwa hawataki madini yao yatumike kuulia. Nahodha na wenzake wanarudi chomboni kwa ule mtambo wao unaoyeyusha mwili hapa na kuuunda tena pale. Lakini kuna dhoruba, mtambo unakosea, na wanajikuta katika merikebu nyingine. Ni ile ile, na sura ni zile zile, ila mambo yote yamegeuka. Huko mtu hupanda cheo kwa kumwua mkubwa wake. Mkosaji hutiwa katika kibanda cha mateso. Na wale watu wapole, amri ni kuwaangamiza iwapo hawatatoa madini.

Mchezo ulipokwisha mjukuu wangu akanieleza kuwa mambo haya si ya michezo tu. Mwaka 1957 mtaalamu wa Kimarekani, Hugh Everett, aliandika kuhusu hesabu za vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wanaomfuata husema kwamba pale ambapo jambo lingeweza kutokea kwa njia mbili, hutokea kwa zote mbili, kila moja katika dunia yake. Si wataalamu wote wanaokubali, lakini wapo wanaokubali. Kisha kijana akanitazama, akasema kwa upole, "Basi Babu, lile jambo lako la chuoni, iko dunia ambako ulisema."

Nilinyamaza. Inanipasa niwaeleze jambo lenyewe.

Zaidi ya miaka 30 iliyopita nilikuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa shamba, hodari na maskini, alishtakiwa kuwa ameiba karatasi ya mtihani usiku fulani. Usiku huo mimi nilikuwa naye. Alikuwa akinisaidia kupanga vitabu hadi saa nne, tukafunga mlango pamoja. Katika kikao cha walimu tuliulizwa kama yupo mwenye neno. Aliyeleta mashtaka alikuwa mkubwa wangu, na jina langu lilikuwa mezani kwake kwa ajili ya masomo ya juu. Nikaangalia mikono yangu. Kijana akafukuzwa, na mimi nikaenda kusoma.

Nimefundisha sarufi ya Kiswahili maisha yangu yote. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba "-nge-" ni mlango ulioegeshwa: ningesema, na huenda bado nikasema. Lakini "-ngali-" ni mlango uliokwisha kufungwa: ningalisema, wala sikusema. Sasa huyu mjukuu wangu ananiambia kwamba nyuma ya mlango ule uliofungwa kuna chumba, na ndani ya chumba yupo mtu mwenye sura yangu, naye alisema.

Nakiri kuwa maneno hayo yalinipoza. Siku mbili tatu nilitembea nayo, nikakaa nayo barazani jioni, nikajiona mwepesi. Ndipo nikajiuliza, wepesi huu unatoka wapi? Na kwa nini ninauogopa?

Tuseme ni kweli. Tuseme iko dunia hiyo, na huko kijana hakufukuzwa, akawa mwalimu mkuu. Huyu wa kwetu amefaidika nini? Mwenye njaa hapa Unguja hashibi kwa wali uliopikwa katika dunia nyingine. Niliyemdhulumu anaishi katika dunia hii hii, anavuka barabara zile zile ninazovuka mimi. Na yule mtu mwenye sura yangu aliyesema, wema wake ni wake. Siwezi kuuazima, kama nisivyoweza kuazima swaumu ya jirani. Kama ningekuwa na haki ya kujivunia wema wake, ingenilazimu pia nibebe dhambi za yule mwingine katika dunia ya tatu aliyefanya mabaya kuliko mimi. Sijamsikia mtu hata mmoja anayeitumia elimu hii kujiongezea lawama. Wote tunaitumia kujipunguzia.

Nikarudi kuutazama tena ule mchezo, safari hii peke yangu, nikaona jambo lililonipita mara ya kwanza. Nahodha Kirk angaliweza kusema, "Hii si dunia yangu. Watu hawa wapole wa huku si wale ninaowajua mimi, na wafe." Hakusema hivyo. Alichelewesha amri ya kuwaangamiza, ingawa kwa kufanya hivyo aliwekwa katika hatari ya kuuawa na kukosa njia ya kurudi kwao. Yaani pale alipokuwa, kwa muda ule mfupi aliokuwapo, ndipo palipokuwa na kazi yake. Mimi nilikuwa katika dunia yangu mwenyewe, chuoni kwangu, kwenye kiti changu, nikafanya kama mgeni.

Kabla ya kuondoka, nahodha anamwomba Spock wa dunia ile, afisa mwerevu katika chombo kiovu, afikiri kama mtu mmoja hawezi kuanza kubadili mambo. Mwaka 1994, katika mchezo mwingine wa ukoo huo huo uitwao Deep Space Nine, tunaelezwa yaliyofuata: Spock yule alijaribu kweli kuitengeneza dola yake. Walakini dola ilipolegea, maadui waliivamia na watu wake wakatiwa utumwani. Mjukuu wangu aliona huo ni mwisho mbaya. Mimi niliuona wa kweli. Hatupewi kuona matunda kabla ya kupanda. Hata mimi sijui, lau ningalisema, pengine tungalifukuzwa wote wawili. Lakini katika kikao kile sikuulizwa kitakachotokea baadaye. Niliulizwa kijana alikuwa wapi.

Ndugu zangu, sisi wa Unguja hatuhitaji mtambo wa angani ili tuone dunia mbili mahali pamoja. Nenda Mkunazini. Pale palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa pale pale. Askofu Steere na wenzake wangaliweza kutafuta kiwanja kingine kisicho na machozi. Walijenga juu ya kile kile.

Tena tusidanganyane kuwa jiwe moja lilimaliza kazi. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hapa Zanzibar mpaka mwaka 1897. Hata leo, nje ya kanisa, ziko sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni. Hakuna aliyesema zifukiwe kwa sababu sasa pana kanisa. Hivyo ndivyo toba inavyofanya kazi, kwa kadiri ninavyoielewa. Haitafuti kiwanja safi katika dunia nyingine. Hujenga pale palipoharibiwa, na haifichi kilichotendeka. Zakayo hakumwambia Bwana wetu kwamba mahali fulani yupo Zakayo mwaminifu. Aliahidi kurudisha.

Basi nikauliza habari za yule kijana, nikaambiwa yu hai na anaishi kijiji kimoja cha kusini. Nikapanda gari ya shamba asubuhi. Si kijana tena; ana mvi kama mimi na anafanya shughuli za kilimo na uvuvi. Alinikaribisha, akaangusha madafu. Nikamweleza yote, na ile habari ya masomo yangu, sikubakisha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Neno hili ningalilipenda zaidi wakati ule, mwalimu." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini kunywa dafu lako."

Sikusamehewa kwa maneno, wala sikuomba niambiwe hivyo. Nimeandika barua kueleza ukweli wa usiku ule, nikatia sahihi jina langu, nikampa nakala aitunze au aitupe apendavyo. Haimrudishii miaka yake. Mtoto wake wa mwisho anataka kusoma ualimu, na tumekubaliana nimfundishe Jumamosi.

Mjukuu wangu anaendelea kuamini zile dunia nyingi, nami simkatazi, huenda zipo. Nimemwambia tu kwamba neno "lau" ni kama mlio wa kengele alfajiri. Mtu anaweza kulala akiusikiliza kwa utamu, au anaweza kuamka akaenda. Nadhani kila msomaji ana kikao chake alichonyamaza, na mtu wake wa kijiji fulani ambaye bado yu hai. Kama yu hai, nauli si kubwa.

Mungu atujalie ujasiri.

Mwalimu Mstaafu, Mji Mkongwe