Je, Figo Ni Deni la Ndugu?



Mwezi huu twataka kulitafakari jambo ambalo babu zetu hawakuulizwa kamwe, maana katika siku zao halikuwezekana. Ndilo hili: mtu mmoja ana figo mbili nzima, na ndugu yake ana figo mbili zilizokufa. Je, figo moja ya yule mzima yaweza kudaiwa, kama mtu adaiwavyo ng'ombe wa mahari au fedha alizokopa? Au ni zawadi tu, ambayo hakuna awezaye kuidai?

Asiseme mtu ya kuwa hayo ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 1954, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya pacha mmoja wakampa pacha mwenzake, na yule mgonjwa akapona. Katika nchi yetu kazi hiyo ilifanyika kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma. Basi swali hili limekwisha kuingia nyumbani mwetu, nasi twapaswa kulijibu kabla halijatukuta kitandani pa mgonjwa, mahali ambapo machozi hushinda mashauri.

Kwanza tufahamu kazi ya viungo hivi. Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa kama ngumi, nazo zakaa upande wa mgongo chini ya mbavu. Huchuja damu, na taka zake huzitoa katika mkojo. Hupima maji na chumvi za mwili. Husaidia pia kuongeza damu na kuyatunza mapigo yake. Zikifa zote mbili, mtu hawezi kuishi siku nyingi bila msaada. Misaada ni miwili. Wa kwanza ni mashine ya kusafisha damu, kama zile zilizopo Bugando mjini Mwanza. Kwa kawaida mgonjwa hulala penye mashine mara 3 kwa juma, kila mara kama saa 4. Hesabu, ee msomaji: ni mara 156 katika mwaka mmoja, na mwaka wa pili huanza upya. Msaada wa pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na kumeza dawa kila siku ili mwili usiikatae.

Sisi tukaao Busisi twajua maana ya safari 156. Zamani mgonjwa alingoja kivuko, na kuvuka kulikuwa kwa majaliwa ya foleni na upepo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, urefu wake ni kilomita 3 na zaidi, na gari lavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Twashukuru sana. Lakini daraja halikuondoa nauli, wala gharama ya mashine, wala siku ambazo shamba halikulimwa na nyavu hazikutupwa. Ndiyo sababu ukoo ukichoka, macho ya wote humgeukia aliye mzima.

Wako wasemao: Figo ni deni. Hoja yao si ya kudharauliwa. Husema hivi: Nani alikulea? Nani aliuza ng'ombe upate kusoma? Ulipougua homa, nani alikubeba mgongoni? Damu yako si yako peke yako. Ulipewa na ukoo, basi ukoo ukiihitaji, utaikatazaje? Twakiri kwamba maneno haya yana kweli ndani yake. Mtu asemaye kwamba hadaiwi na mtu yeyote amesahau jinsi alivyozaliwa.

Walakini hoja hiyo ina upungufu, na twauona katika mambo matatu.

La kwanza, deni lina kipimo, na likilipwa limekwisha. Ng'ombe kumi wakihesabiwa zizini, mambo yamekwisha. Lakini atoaye figo hatoi kitu kilichopimwa. Hujitia katika hatari ambayo mwisho wake hakuna aujuaye. Hatari hiyo si kubwa, wala haifai kuificha. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, kati ya miaka 2013 na 2022, katika watoaji 10,000 alikufa kama 1 ndani ya siku 90 baada ya kupasuliwa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2014, uliwatazama watoaji zaidi ya 96,000. Ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, kama 31 hupata wenyewe kufa kwa figo katika miaka 15. Na katika watu wenye afya kama yao wasiotoa, ni 4 tu. Kwa watoaji weusi wa nchi ile hesabu ilifika kama 75. Basi walio wengi sana huishi salama. Lakini amwambiaye kijana kwamba hakuna hatari yoyote amemdanganya.

La pili, deni hudaiwa kwa nguvu kwa yule asiyeweza kukataa. Tuseme ukoo wakutana, nao watafuta mtoaji. Kaka mkubwa ana kazi, hawezi kuacha. Wa pili ana watoto. Basi kidole chamwelekea nani? Chamwelekea binti asiyeolewa, au kitinda mimba alaye chakula katika nyumba ya mwingine. Hatusemi hili kwa kubahatisha tu: katika nchi nyingi zilizoandika hesabu zake, wanawake watoao figo ni wengi kuliko wanaume. Huenda wengi wao walitoa kwa upendo. Lakini penye mila ya deni, nani atakayejua ni yupi aliyependa na ni yupi aliyeogopa?

La tatu, kitu kilichotolewa kwa kushurutishwa huharibu udugu uliokusudiwa kuokolewa. Mtoaji atahesabu kila shilingi asiyosaidiwa, na mpokeaji atainama mbele yake maisha yake yote. Wahenga wamesema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Pasipo moyo, hapana kutoa. Pana kunyang'anywa tu. Yule Msamaria aliyemkuta mtu njiani hakuitwa na baraza, wala hakutishwa kwa laana ya wazee. Aliona, akahurumia, akatoa mafuta na divai na mnyama wake na dinari mbili. Kama angalishurutishwa, tusingalimkumbuka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: figo ni zawadi, si deni. Yaruhusiwa kuiomba, na mgonjwa asione haya kuomba. Lakini anayeomba sharti awe tayari kusikia neno "hapana", na kuendelea kumpenda aliyelisema. Tena zawadi haiuzwi. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililotungwa na madaktari wa nchi nyingi, lilikataza biashara ya viungo, kwa kuwa katika biashara hiyo maskini ndiye apasuliwaye sikuzote.

Hapa lazuka swali gumu. Katika hospitali nyingi duniani, daktari huzungumza na mtoaji faraghani. Akiungama kwamba hataki, ila aogopa ndugu zake, daktari huwaambia ndugu: "Huyu hafai kutoa." Je, huo si uongo? Wengine husema ni uongo wa huruma. Sisi twaona iko njia iliyo bora. Daktari na aseme tu: "Hatutaendelea na huyu," asitaje sababu, kwa maana siri ya mgonjwa na ya mtoaji haidaiwi na mtu. Neno hilo ni kweli tupu. Na upande wetu, wazee wa ukoo na wa usharika, sheria iwe moja: tukisikia hivyo, tusiulize kwa nini. Uongo wa daktari huzaliwa na udadisi wetu. Tukiuacha udadisi, hatahitaji kusema uongo.

Lakini asitokee mtu wa kujificha nyuma ya uhuru huu, akasema, "Sidaiwi figo, basi sidaiwi kitu." La, hasha. Yako madeni yaliyo wazi kabisa. Nauli ya kuvuka daraja ni deni letu. Kumsindikiza mgonjwa, kumlimia shamba lake siku za mashine, kulisha watoto wake: haya yana kipimo, yagawanyika kwa watu wengi, wala hayamwachi mtu na jeraha. Haya yadaiwe bila haya.

Na deni kubwa kupita yote ni kumzuia jirani asifike kwenye mashine. Mwaka 2013 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanyika Bugando: katika wagonjwa wa kisukari 369 waliopimwa, 309 walionekana wana dalili za ugonjwa wa figo. Ugonjwa huu hunyamaza. Mtu hulima na kuvua, naye hajui. Kisukari na shinikizo la damu ndio adui wake wakubwa. Vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki, vikimezwa kila siku bila shauri la daktari, huweza kuziharibu figo pia. Lakini kipimo cha mkojo na cha damu huufichua ugonjwa mapema, na dawa zimeongezeka. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya dawa iitwayo dapagliflozini, iliyojaribiwa kwa watu 4,304. Kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, kama 14 au 15 walizidiwa sana, au walikufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo. Kati ya 100 waliopewa dawa yenyewe, kama 9. Ilifaa hata kwa wasio na kisukari. Si dawa ya kila mtu, daktari ndiye aamuaye. Lakini haimfai yeyote ambaye hakupimwa.

Basi, enyi wazee na walimu wa usharika, kabla ya kuuliza ni nani atakayetoa figo yake, tuulizane ni nani aliyempeleka mwenzake kupimwa. Hilo halihitaji kisu, wala ushujaa, wala baraza la ukoo. Lahitaji asubuhi moja tu ya kwenda naye zahanati.