Haki Bila Ukweli: Filamu ya Hali Halisi na Kifo cha Tom Mboya

Filamu ya hali halisi inayorejea mauaji ya kale huzua swali la kimaadili: je, msimulizi anamdai nini marehemu, na anadaiwa nini naye? Kielelezo mashuhuri ni The Untold Story of Emmett Louis Till (2005) ya Keith Beauchamp. Till, kijana Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa Mississippi mwaka 1955. Jopo la Weupe watupu liliwaachilia washtakiwa wawili, nao mwaka 1956 wakakiri jaridani kwamba ndio waliomuua. Utafiti wa Beauchamp ulichangia kufufuliwa kwa uchunguzi mwaka 2004. Hapo ukweli ulijulikana, haki ikakosekana.

Kisa cha Tom Mboya ni kinyume chake. Waziri huyo alipigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa kisiwani Rusinga, Homa Bay. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa, akanyongwa mwaka huohuo. Mahakama ilijibu nani alifyatua risasi. Nani alimtuma, haikujibu. Inasimuliwa kuwa Njenga mwenyewe aliuliza kwa nini hawakumwendea mkubwa. Hapa hukumu ilipatikana, ukweli ukaenda kaburini.

Basi msimulizi hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kumtaja huyo mkubwa bila ushahidi. Katika Nyanza Kusini ya wakati ule, yaani Homa Bay na Migori za leo, Mboya aliombolezwa kama mwana wa Waluo, na aliyehukumiwa alikuwa Mkikuyu. Dhana isiyothibitishwa huangukia kabila zima. Mantiki hiyo ya kumtwika mtu hatia kwa sababu ya asili yake ndiyo iliyomuua Till.

Kishawishi cha pili ni kunyamaza, kwa hoja kwamba yaliyopita si ndwele. Lakini wahenga haohao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kimya hakikuzuia dhana kuenea. Kiliiondolea tu kipimo cha ushahidi.

Kwa hiyo uadilifu wa filamu haupimwi kwa jibu inalotoa, bali kwa namna inavyouonyesha mpaka baina ya kilichothibitishwa na kinachodhaniwa. Mtazamaji wa Rusinga au wa Migori anayeuona mpaka huo hajapewa muuaji mwingine wa kumchukia. Amerudishiwa swali lililozikwa mwaka 1969, na haki ya kuendelea kuliuliza.