Deni la Anayeulizwa Njia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini je, anayeulizwa ana deni gani?

Tumfikirie mgeni aliyefika Tokyo usiku. Huko barabara nyingi hazina majina. Anwani hutaja namba za mtaa, kitalu na jengo. Tena katika sehemu za zamani nyumba zilipewa namba kwa jinsi zilivyotangulia kujengwa, hivyo ya 3 huenda isiwe jirani wa ya 4. Simu yake ikizimika, mgeni hutafuta taa nyekundu ya kibanda cha polisi, kiitwacho koban, ambako askari humwonyesha ramani ya mtaa.

Wapo watu, kila nchi, wanaoona haya kusema "sijui", wakanyosha kidole popote na kuiita adabu. Mimi siioni kuwa hisani. Mchana kosa hilo humpotezea mgeni dakika chache. Usiku laweza kumfikisha pabaya. Yeye hana njia ya kulipima neno lako. Amekukabidhi usalama wake. Basi, ndugu msomaji, ukiijua njia, msindikize walau hadi kwenye kona. Usipoijua, mwambie hivyo, kisha mtafutieni pamoja anayeijua.