Urahisi wa Chai na Haki ya Mwenye Kuilima

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewagawia waja riziki zao na akawawekea mizani ili wasidhulumiane. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Hapana mji katika mwambao wa Ziwa Viktoria usionywewa chai. Katika Mwanza, tangu watu watokapo msikitini alfajiri, mikahawa huwa imekwisha kuwasha moto, na wachukuzi wa bandarini na wauza dagaa wa Mwaloni wote huanza siku yao kwa kikombe, mwenye nacho kwa maziwa na asiye nacho kwa mkandaa. Na katika wanywaji hao wamo watu wa pwani na watoto wa watu wa pwani, ambao wazee wao walifika huko kwa biashara kabla ya reli kuingia Mwanza mwaka 1928 na baada yake. Nao, kama ilivyo ada ya wafanyaji biashara, husifu kununua rahisi.

Kununua rahisi si dhambi. Lakini Mwislamu hakuamrishwa kutazama bei peke yake. Yampasa aulize urahisi huo umetoka wapi. Maana bei hushuka kwa njia mbili. Hushuka kwa baraka, mavuno yakawa mengi na njia ikawa fupi. Na hushuka kwa dhulma, mnyonge akapunjwa ili mwenye nguvu apate. Machoni mwa mnunuzi bei mbili hizo ni moja, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu haziko sawa hata kidogo.

KHABARI YA CHAI

Mti wa chai ulipandwa na Wadachi katika Amani, Usambara, na katika Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo chake cha biashara kikashika nguvu miaka ya 1920 na kuendelea. Leo hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara, na pia Maruku karibu na Bukoba, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza. Upande wa Kenya wa ziwa hilo kuna Kericho, Nandi na Kisii, ambako mvua itokayo ziwani haikatiki sana na mti wa chai wastawi.

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na kilo 4 hata 5 za majani mabichi ndizo zitoazo kilo 1 ya chai kavu. Majani yakishachumwa hayangoji. Yakikaa bila kufika kiwandani siku ile ile huharibika. Mwenye mahindi aweza kuyaweka ghalani mpaka bei ipande. Mwenye majani ya chai hawezi. Ndiyo sababu mkulima wa chai ni dhaifu mbele ya mnunuzi wake: akikataa bei asubuhi, jioni hana mali.

Chai ikishakaushwa hupelekwa mnadani. Mnada mkubwa wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 1992 bei yake hutajwa kwa dola za Kimarekani. Dar es Salaam nayo ilifungua mnada wake mwezi wa Novemba 2023. Na tena yafaa kila Mwislamu ajue ya kuwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Mombasa si watu wa Ulaya peke yao. Kwa miaka mingi Pakistani ndiyo iliyotangulia, na Misri ikawa katika walio mbele. Basi mtu asiseme kwamba dhulma ikiwapo ni ya makafiri tu. Vikombe vingi vya chai hii hunywewa na watu wafungao Ramadhani.

HUKUMU YA BEI

Huenda mtu akasema: Kama mkulima aonewa, na itolewe amri kwamba chai isiuzwe chini ya kiasi fulani. Yapasa kwanza ijulikane kuwa bei zilipopanda katika Madina watu walimwomba Mtume awawekee bei, naye akakataa. Akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye apandishaye na ashushaye, na kwamba yeye alitaka kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hadithi hii madhehebu ya Imam Shafi'i yamehukumu kuwa si halali kwa mtawala kuwalazimisha watu bei.

Ama mwenye mali kukataa kuuza mali yake chini ya thamani aitakayo, hiyo ni haki yake wala haimo katika makatazo. Lakini haki hiyo peke yake haimtii mnunuzi mkono mfukoni. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa katika mnada wa Mombasa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo moja ya chai ya wakulima wadogo wa Kenya. Chai nyingi ikakosa wanunuzi, ikalala maghalani, na mwaka 2024 sharti lile likaondoshwa.

Lakini mwenye kuichukua hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kumnyonya mnyonge ameifahamu kinyume. Mtume alikataa kuweka bei kwa kuikhofu dhulma. Itakuwaje basi maneno yake yafanywe ngao ya dhulma? Sheria imeiacha bei huru, kisha ikazifunga njia ambazo mwenye nguvu huzitumia kumla mnyonge. Nazo kwa watu wa mwambao wa ziwa ni tatu.

Ya kwanza ni mizani. Nabii Shuaib alitumwa kwa watu ambao, pamoja na ushirikina wao, walikuwa wakipunja vipimo na kuvishusha thamani vitu vya watu, nao wakaangamizwa. Mwenye kupima majani au kahawa kwa mizani aliyoilegeza, au akakata kilo kwa kisingizio cha umande na uchafu zaidi ya uliomo, huyo ni mwizi, ijapokuwa ameajiriwa na ana kitabu cha stakabadhi.

Ya pili ni kuupokea msafara njiani. Mtume aliwakataza watu wa mjini kutoka kwenda kuwalaki waletao bidhaa kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Na hukumu yake kwa Mashafi'i ni kwamba mwenye kufanya hivyo hali ajua apata dhambi, na muuzaji akifika sokoni akaona amepunjwa ana hiari ya kuuvunja uuzaji. Na leo dalali apandaye pikipiki mpaka shambani, akamwambia mkulima kwamba bei imeanguka hali ajua kuwa haikuanguka, amekusanya makosa mawili: kuulaki msafara, na uwongo.

Ya tatu ndiyo iliyo kubwa, na jina lake lajulikana katika Kagera yote: butura.

BUTURA

Kahawa ni ndugu ya chai katika msiba huu. Wahaya walikuwa nayo kabla ya kuja Wadachi, wakiichemsha na kuitafuna na kuitoa kwa mgeni kuwa ni heshima. Kisha ikawa ndiyo fedha yao ya kulipia kodi, ada ya shule na mahari. Kahawa hiyo ilivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba na Kemondo. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kuuza kahawa yalipovunjika, bei ikaporomoka ulimwenguni, na mkulima akabaki na deni.

Mwenye deni humwendea mwenye fedha. Mwenye fedha humwambia: Niuzie kahawa iliyo mtini. Mti bado una maua, au una punje changa zisizokomaa. Fedha hutolewa kidogo, na mavuno yakifika mwenye fedha huchukua kahawa ya thamani kubwa kuliko fedha aliyotoa. Hiyo ndiyo butura. Serikali imeikataza, na mwaka 2018 iliamuru kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika, lakini butura haikukoma.

Basi na ijulikane kuwa kabla ya kukatazwa na serikali butura ilikwisha kukatazwa na Mtume. Yamethibiti katika hadithi zilizo sahihi kwamba alikataza kuuza matunda mpaka ubora wao udhihiri, na akauliza kwa haki gani mtu ataichukua mali ya nduguye iwapo Mwenyezi Mungu atalizuia tunda lisitoke. Na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunda ambalo ubora wake haujadhihiri halisihi kuuzwa ila kwa sharti ya kukatwa pale pale, nalo liwe na manufaa. Ua la kahawa likikatwa lina manufaa gani? Kwa hivyo uuzaji huu ni batili.

Na maana ya kuwa batili ni nzito. Kahawa ile haikumwingia mnunuzi katika milki yake. Ni mali ya mkulima iliyo mkononi mwa mtu mwingine, na hukumu yake ni kama hukumu ya kitu kilichoporwa: yampasa airudishe, au arudishe mfano wake ikiwa imekwisha, naye arudishiwe fedha aliyotoa, bila ya kuzidi. Na kama ile fedha ilikuwa mkopo kwa sharti ya kurudishiwa zaidi, basi hiyo ni riba, na jina la butura haliigeuzi.

Mtu aliyepata mali kwa njia hii akajenga nyumba Mwanza, akasimama safu ya kwanza msikitini, akaenda na Makka, na afikiri. Mtume alimtaja msafiri wa safari ndefu, nywele zimetimka na vumbi limemjaa, ameinua mikono kumwomba Mola wake, na hali chakula chake ni haramu na vazi lake ni haramu. Akauliza huyo atajibiwa namna gani.

MWENYE KUULIZA NA JAWABU LAKE

Mwenye kununua paketi moja dukani aweza kuuliza: Dhambi yangu ni ipi? Na je, nikilipa zaidi nitamsaidia mkulima?

Jawabu lake lapatikana kwa Imam Ghazali katika Ihya. Yeye amesema kuwa mtu anunuapo kwa mnyonge au fakiri ni vyema avumilie kuzidishiwa bei na asibishane, kwani huo ni wema. Lakini anunuapo kwa tajiri atafutaye faida juu ya haja yake, kuvumilia kuzidishiwa si jambo la kusifiwa, bali ni kupoteza mali bila ya thawabu wala shukrani. Basi mwenye kulipa zaidi dukani akadhani amemsaidia mchumaji wa Maruku au Nandi, huenda amemzidishia mwenye duka tu. Mnunuzi huyo hana dhambi madamu hakuijua dhulma wala hakuisaidia.

Lakini na ahesabu. Kikombe kimoja chataka kadiri ya gramu 2 za chai, basi kilo 1 yatoa vikombe 500. Ile bei ya dola 2.43 iliyoonekana kubwa mnadani, ikigawanywa kwa vikombe 500, haifiki nusu senti ya dola kwa kikombe. Na katika nusu senti hiyo kuna mchumaji, mbolea, kuni za kiwandani, gari na dalali. Yaani mkulima angeongezewa hata robo ya bei, mnywaji wa Mwanza asingehisi. Haikosekani fedha, haki ndiyo hukwama njiani kati ya shamba na kikombe. Na njiani hapo ndipo wanaposimama wafanyaji biashara, na wengi wao ni Waislamu.

NJIA YA HALALI

Wenye fedha wana njia mbili zilizo safi. Ya kwanza ni mkopo mwema, usio na ziada, apewe mkulima wakati wa ada ya shule au ugonjwa, alipe baada ya mavuno. Jamaa ya msikiti mmoja wakichanga waweza kuiokoa mibuni ya jirani zao wengi.

Ya pili ni biashara ya salam, kwa mwenye kutaka faida. Mnunuzi hulipa thamani yote katika kikao kile kile, na mkulima hudhamini kahawa kavu ya maganda ya sifa inayojulikana, kwa uzito unaojulikana, kwa siku inayojulikana. Wala isitajwe miti fulani wala shamba fulani, kwani salam ya tunda la shamba moja haisihi. Hapo khatari ya maua kupukutika haimo katika mapatano, na uzito haujifichi, na bei ni kwa ridhaa ya wawili. Na ifanywe kwa kufuata kanuni za vyama vya ushirika, ili mkulima asitiwe mashakani.

Juu ya njia hizo mbili kuna daraja ya watu bora. Jarir bin Abdallah, sahaba wa Mtume, alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Alipomwona akamwendea mwenyewe, akamwambia kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akawa akimpandishia mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, akasema kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Muuzaji alikuwa ameridhia 300, na uuzaji ulikuwa umesihi. Sheria haikumdai Jarir kitu. Iliyomdai ni ahadi yake.

Basi mwenye kusimama na mizani Kemondo, na mwenye ghala Mwanza, na mwenye kununua mnadani Mombasa, kila mmoja na ajiulize kama mkulima angalijua alijualo yeye, angaliridhia bei ile. Akiona jawabu ni ndiyo, na ale mali yake kwa raha. Akiona ni siyo, na arudishe leo kabla haijafika siku ambayo fedha haitapokewa, na deni litalipwa kwa mema ya mtu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kula kilicho halali, na kupima kwa uadilifu, na kuwahurumia wanyonge. Amin. Wallahu a'alam.